Dakta Richard Bright: kijiko, mshumaa na siri ya figo

Mtu akiamka alfajiri pale Mtongwe akamkuta mwanawe uso umemvimba, macho yamefumbana kana kwamba ameumwa na nyuki, jambo la kwanza kumjia si figo. Atasema mtoto kaumwa na mdudu usiku, au kalala vibaya. Siku ya pili uvimbe huo huteremka miguuni, na ukibonyeza kwa kidole shimo labaki palepale. Siku ya tatu mtoto akikojoa, mkojo ni mchache na rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Hapo majirani hukusanyika. Mmoja atasema ni jicho la watu. Wa pili atasema ni safura. Wa tatu atauliza kama mtoto alipita chini ya mbuyu wakati wa magharibi. Na kwa kuwa kichocho ni maradhi tuliyoyazoea katika janibu zetu hizi, tangu Likoni hadi Kwale, yuko atakayesema kuwa ni kichocho tu na hakuna haja ya kuvuka feri kwenda mjini.

Mtoto huyo akifikishwa hospitali, muuguzi atamwomba mkojo kidogo ndani ya chupa, achovye humo kijikaratasi chembamba. Rangi ya manjano ya karatasi ikigeuka kijani, daktari huwa amekwisha jua mlango wa kubisha. Ni kazi ya dakika moja, wala hapana mtu pale anayeuliza ilianza wapi. Ilianza kwa kijiko cha kulia na mshumaa wa kawaida, mikononi mwa Mwingereza mmoja aitwaye Richard Bright, aliyefariki mwaka 1858. Makala haya ni ya maisha ya bwana huyo.

Richard Bright alizaliwa tarehe 28 Septemba 1789 katika mji wa Bristol, magharibi mwa Uingereza. Bristol ni mji wa bandari, na watu wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa bandari ni nini. Lakini ilikuwa bandari yenye aibu yake. Utajiri wa matajiri wake wengi katika karne ile ya 18 ulitokana na sukari na watumwa, na jamaa ya Bright walikuwa miongoni mwao. Babu yake, Henry Bright, aliyekuwa pia Meya wa Bristol, alifanya biashara ya kusafirisha watu kutoka Afrika ya Magharibi hadi visiwa vya Karibiani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki. Kwa hivyo kijana Richard alikulia katika nyumba isiyojua njaa, akapata vitabu, walimu, na nauli ya kwenda popote alipotaka. Sisi wa pwani ambao habari za utumwa tunazijua kwa pande zake zote hatuna la kujivuna hapa, lakini ni haki msomaji ajue fedha iliyomsomesha daktari huyu ilitoka wapi.

Mwaka 1808 alipelekwa chuo kikuu cha Edinburgh, Scotland. Kwanza alijifunza falsafa na hesabu, kisha moyo wake ukageukia utabibu. Hata hivyo hakuwa kijana wa kukaa mahali pamoja. Mwaka 1810, kabla hajamaliza masomo, alipanda jahazi pamoja na bwana mkubwa mmoja, Sir George Mackenzie, na mwanafunzi mwenzake Henry Holland, wakaenda Aisilandi, kisiwa cha barafu na volkano huko kaskazini kabisa ya dunia. Yeye akakusanya mimea na kuandika habari za wanyama. Aliporejea akasoma katika hospitali ya Guy's, London, kisha akarudi Edinburgh na kupata shahada yake ya udaktari mwaka 1813.

Mwaka uliofuata akaondoka tena. Vita vya Napoleon vilikuwa vimetulia, akapita Uholanzi na Ujerumani hadi Vienna, ambako wafalme wa Ulaya walikuwa wamekutana kugawana nchi. Wengi waliokuwa Vienna wakati ule walikwenda kuwatazama wafalme. Bright akaenda kutazama hospitali, kisha akashika njia ya vumbi kuingia Hungaria, akatembea vijijini akichora nyumba na mavazi ya watu, na akaandika habari za Wajipsi na lugha yao. Katika kurudi mwaka 1815 alipita Brussels muda mfupi baada ya vita vya Waterloo, hospitali zikiwa zimefurika majeruhi. Kitabu chake cha safari ya Hungaria kilitoka mwaka 1818, na picha nyingi zilizomo alizichora mwenyewe.

Nimeitaja michoro hiyo kwa sababu. Yako macho yanayoona na yako macho yanayotazama tu. Mtu anayechora hulazimika kutazama kitu mpaka akione kilivyo, si kama anavyodhani kilivyo. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kumfaa Bright baadaye, kuliko hata shahada yake.

Alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa homa, London, na huko homa ile ile aliyokuwa akiitibu ikamkamata yeye mwenyewe, nusura imuue. Mwaka 1820 akaajiriwa Guy's kama tabibu msaidizi. Mwaka 1822 akamwoa Martha Babington, binti wa tabibu mashuhuri wa hospitali hiyo hiyo. Ndoa haikudumu. Mwaka 1823 Bi Martha alijifungua mtoto wa kiume, na baada ya siku chache akafariki. Bright akabaki mjane mwenye kitoto kichanga, katika nyumba iliyonyamaza. Mwaka 1824 akawa tabibu kamili wa Guy's, na kuanzia hapo, wanasema waliomjua, alikuwa akishinda hospitali saa sita kila siku, wodini kwa walio hai na katika chumba cha maiti kwa waliokufa. Alioa tena mwaka 1826, bibi aitwaye Eliza Follett, wakapata watoto. Lakini miaka ile michache ya ukiwa ndiyo iliyozaa kazi yake kubwa.

Hospitali ya Guy's ilijengwa kwa fedha za muuza vitabu tajiri aitwaye Thomas Guy. Yeye naye alitajirika kwa kununua na kuuza hisa za kampuni ya South Sea, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kuwapelekea Wahispania watumwa wa Kiafrika. Unaona mambo ya dunia yalivyofungamana. Waliolala katika vitanda vya Guy's walikuwa maskini wa London: mabaharia, wapagazi wa bandarini, madobi, watumishi wa nyumbani, walevi. Wengi wao waliingia wamevimba.

Kuvimba huko kwa maji Waarabu walikuita istisqaa, na kila taifa lilikuwa na jina lake. Tangu zama za Wayunani matabibu walikujua, na karibu wote walikufanya kuwa ugonjwa kamili unaosimama peke yake. Mtu amevimba, basi ugonjwa wake ni kuvimba. Akafanyiwa dawa ya kuvimba: akapigwa chuku, akapewa haluli, akatobolewa tumbo maji yatoke. Wengine walipona, wengi walikufa, na hapana aliyejua kwa nini huyu amepona na yule amekufa.

Si kwamba hakuna aliyeutazama mkojo. Wa kale waliutazama sana. Hippocrates alikwisha kusema kwamba mapovu yanayoelea juu ya mkojo ni dalili ya figo na ya ugonjwa mrefu. Katika karne ya 10 tabibu Is-haq bin Suleiman wa Qayrawan, Myahudi aliyeandika kwa Kiarabu, alitunga kitabu kizima juu ya mkojo, na kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kilatini na kusomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Ibn Sina katika Qanun yake ameupa mkojo mlango mrefu: rangi yake, uzito wake, harufu yake, mashapo yake na povu lake, na akaagiza uchukuliwe ule wa asubuhi kabla mtu hajala. Muuguzi wa leo anapomwambia mama wa Mtongwe alete mkojo wa kwanza wa asubuhi, anafuata agizo lenye umri wa karibu miaka elfu. Karibu na zama za Bright, Domenico Cotugno wa Italia alikwisha kuona katika karne ya 18 kwamba mkojo wa baadhi ya waliovimba ukichemshwa huganda. Na mwaka 1812 tabibu Wells wa London aliandika juu ya kuvimba kunakowapata watoto baada ya homa ya vipele vyekundu.

Basi Bright aliongeza nini? Aliongeza subira ya kuvifuata vitu vitatu katika mtu mmoja, tangu kuingia wodini hadi kuzikwa. Kwanza uvimbe wenyewe. Pili mkojo. Alichukua kidogo katika kijiko cha chuma, akakishika juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa siha huchemka tu. Mkojo wa wagonjwa wale ulifanya ukungu mweupe, kisha ukaganda vipande vipande kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Kilichoganda ndicho hicho hicho kilichomo katika ute wa yai na katika damu ya mwanadamu, kiitwacho albumini. Chakula cha damu kilikuwa kikimwagika chooni. Tatu, mgonjwa alipokufa, Bright alimpasua na kutazama figo zake. Nyingine alizikuta zimevimba na kupauka, nyingine zimejaa madoa mekundu, nyingine zimesinyaa na kuwa ngumu, juu zina vijinundu kama ngozi ya stafeli. Figo nzuri hakuziona katika maiti hao.

Najua wako wasomaji watakaokunja uso hapa. Kwetu maiti ni amana, huoshwa, hukafiniwa na huharakishwa kaburini, na kumkata mtu baada ya roho kutoka ni jambo zito. Wala kwa maskini wa London halikuwa jepesi. Nao waliogopa kisu cha hospitali, na mara nyingi hawakuwa na wa kuwasemea. Elimu hii imetoka katika miili ya watu hao. Katika kurasa za Bright wameandikwa kwa umri na kazi zao, basi. Leo daktari akitaka kuijua figo humwingiza mgonjwa aliye hai sindano nyembamba mgongoni na kutoa kipande kidogo kama uzi. Njia hiyo ilielezwa na madaktari Iversen na Brun wa Copenhagen mwaka 1951, na imewaondolea wengi haja ya kusubiri mauti.

Mwaka 1827 Bright alichapisha kitabu kikubwa cha habari za wagonjwa wake, chenye picha za rangi za figo, zilizochongwa na kupakwa kwa uangalifu mwingi. Daktari Bostock alimsaidia kwa kuchunguza mkojo na damu kikemia. Waliona kwamba damu ya wagonjwa hawa imepungukiwa na albumini, ilhali imebakiwa na takataka iitwayo yurea, ambayo ilipaswa kutoka kwa mkojo. Kilichotakiwa kubaki kilitoka, kilichotakiwa kutoka kilibaki. Tangu hapo maradhi hayo yakaitwa ugonjwa wa Bright, na kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wa dunia nzima waliandika jina hilo katika vyeti vya kifo.

Ili tufahamu alichokiona bila ya yeye kukijua chote, na tuiingie jikoni. Kila mtu wa pwani amekiona kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa ndani, ikakamuliwa, tui likatoka na chicha ikabaki. Figo moja ina vifumbu kama milioni moja, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kila kimoja ni fundo la vijishipa vya damu vyembamba mno, vilivyojikunja kama uzi uliokusanywa kiganjani. Marcello Malpighi wa Italia ndiye aliyeviona kwanza kwa darubini, akaviandika mwaka 1666, na William Bowman wa London mwaka 1842 akaonyesha jinsi kila fundo lilivyokaa ndani ya kikombe chake, ambacho nacho kimeungana na mfereji wa mkojo. Damu hupita humo usiku na mchana. Kwa siku moja vifumbu hivyo huchuja maji kama lita 180, yaani madebe kumi hivi, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka kuwa mkojo ni lita moja au moja na nusu.

Sasa fikiri kifumbu kimeungua. Matundu yake mengine yamepanuka na mengine yamezibika. Yaliyopanuka hupitisha chicha: albumini na hata chembe nyekundu za damu, ndiyo maana mkojo hufanya povu au huwa na rangi ya chai au ya moshi. Yaliyozibika hayapitishi kitu, ndiyo maana maji na chumvi hubaki mwilini, uso huvimba na presha hupanda. Huo ndio ugonjwa wa kuwaka kwa vichujio vya figo. Kinachoviunguza mara nyingi si mdudu aliyeingia ndani ya figo. Ni askari wa mwili wenyewe, waliotoka kupigana na adui mahali pengine, koo au ngozi, kisha masalia ya vita vyao yakaja kunasa katika vifumbu hivi na kuwasha moto.

Haya Bright hakuyajua. Yeye alishuku baridi, mvua, pombe, na ile homa ya vipele vyekundu. Katika hilo la mwisho alikuwa karibu na ukweli, kwa kuwa homa ile huletwa na kijidudu cha streptokoka, na kijidudu hicho hicho ndicho kinachomvimbisha mtoto wetu wa Mtongwe. Mtoto huumwa koo, au huwa na upele aliojikuna mpaka ukafanya usaha. Koo likipona, baada ya wiki moja au mbili uso huvimba. Ikiwa ni ngozi, huchukua wiki tatu hadi sita, na kwa sababu ya muda huo hapana anayekumbuka kidonda. Watoto wengi hupona kabisa wakipata matibabu mapema, wakapunguziwa chumvi na maji na presha ikaangaliwa. Watu wazima bahati yao ni ndogo zaidi. Na kuhusu kichocho, tofauti yake daktari huijua: damu ya kichocho hutoka kwenye kibofu, huwa nyekundu na mara nyingi huja mwisho wa kukojoa, na uso wa mtu hauvimbi kwa ajili yake.

Mwaka 1836 Bright alitoa orodha ya wagonjwa 100 katika jarida la hospitali yake. Humo aligundua jambo jingine: wengi wa waliokufa kwa figo walikuwa na moyo mkubwa, upande wa kushoto umenenepa kama msuli wa mpagazi. Kipimo cha presha hakikuwapo wakati ule. Hata hivyo alifikiri kwamba damu iliyochafuka huenda inaulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu zaidi katika mishipa midogo. Kila mgonjwa wa figo wa leo anayefungwa kile kitambaa mkononi, kikajazwa upepo, anapimwa kwa ajili ya jambo lililoonekana kwanza katika orodha ile.

Mwaka 1842 akaomba na kupewa jambo ambalo hospitali nyingine hazikuwa nalo. Vitanda 42, wanaume upande wao na wanawake wao, vyote vya wagonjwa wa figo tu, na kando yake chumba kidogo cha kuchunguzia mkojo na damu. Vijana wake wakafanya kazi humo kwa miezi kadhaa ya mwaka ule. Wenzake wawili wa Guy's nao wameacha majina yao katika maradhi: Thomas Addison, na Thomas Hodgkin. Huyu Hodgkin alikuwa mpinzani mkubwa wa utumwa na mtetezi wa wenyeji wa makoloni, mambo yaliyomfanya asipendwe na wakubwa, na mwisho wake ulimkuta Jaffa, Palestina, mwaka 1866, ambako kaburi lake lipo.

Lakini sasa tuseme lisilopendeza. Katika wagonjwa wote hao, Bright hakuwa na dawa. Aliwatoa damu, akawapa haluli, akawaogesha maji ya moto ili watoke jasho, akawanyima nyama na kuwapa maziwa. Nao wakaendelea kufa. Mtu aliyeutambua ugonjwa kuliko wote wa zama zake alitembea kutoka kitanda hadi kitanda na kijiko chake, akajua mapema kuliko mgonjwa mwenyewe kwamba huyu hatoki, na hakuwa na la kumpa. Sijui ni wangapi kati yetu wangeweza kuvumilia hilo kwa miaka zaidi ya 20. Waliomfahamu wanamweleza kuwa mtu mpole, mchangamfu, asiyejidai, na asiyependa kusema zaidi ya alichokiona.

Dawa zilikuja polepole baada yake. Mashine ya kwanza ya kusafisha damu iliyomfaa mwanadamu ilitengenezwa na Willem Kolff, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1954 kule Boston, Marekani, Joseph Murray akafaulu kuhamisha figo kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa mwenzake. Siku hizi hata Mombasa, katika hospitali kuu ya Pwani, ziko mashine za kusafisha damu, na wako watu wa Likoni na Mtongwe wanaovuka maji kila wiki kuzifuata.

Afrika ya Mashariki nayo imeongeza kurasa zake katika kitabu alichokifungua Bright. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1960, Dakta Kibukamusoke na wenzake walishughulishwa na wingi wa watoto waliovimba mwili mzima huku mkojo wao ukiganda. Wakawapima damu na kukuta wengi wana aina moja ya malaria, si ile ya kawaida bali ile ya homa inayorudi kila baada ya saa 72. Wakaonyesha kwamba malaria hiyo ikikaa mwilini muda mrefu huweza kuunguza vifumbu vya figo, na dawa zilizosaidia Ulaya hapa hazikufaa sana. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1973.

Nairobi kisa kilikuwa kingine, na hiki nawaomba kina mama na mabinti wakisome mara mbili. Mwaka 1972 Dakta Barr na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa watu wazima waliougua kwa kuvimba na kumwaga albumini. Walipowauliza wanajipaka nini, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia mafuta ya kujichubua ngozi yenye zebaki. Zebaki ile ilipenya ngozini ikaingia damuni na kuziharibu figo. Baadhi yao walipoacha mafuta hayo mkojo wao ulirudi kuwa safi bila ya dawa nyingine. Serikali baadaye ilipiga marufuku mafuta ya namna hiyo. Marufuku ni jambo moja na soko ni jambo jingine, na anayetaka kujua zaidi na ayatazame makopo yasiyo na maandishi yanayouzwa kwa siri. Weupe wa arusi ya siku tatu umewapeleka wengine kwenye mashine ya maisha.

Na kwa kuwa mwezi wa Ramadhani huja na maswali yake, niseme pia kwamba mgonjwa wa figo asijiamulie peke yake kufunga wala kula. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na daktari ndiye ajuaye figo zake zinahimili kiu kiasi gani. Wako wanaoweza, wako wasioweza.

Turudi kwa bwana wetu. Mwaka 1837 aliteuliwa kuwa mmoja wa matabibu wa Malkia Victoria, na mwaka uliofuata Chuo cha Ufaransa kikampa nishani. Katika miaka ya 1840 akaiacha Guy's, akabaki akiwatibu matajiri nyumbani kwake mtaa wa Savile Row. Mwanawe mmoja akawa daktari, mwingine mwanahistoria mkubwa wa Oxford.

Mwaka 1858 miongoni mwa waliomjia alikuwa Isambard Kingdom Brunel, mhandisi aliyejenga reli, madaraja na meli, na ambaye wakati ule alikuwa akihangaika na meli yake ya Great Eastern, kubwa kuliko zote zilizokuwapo duniani. Bright, pamoja na Sir Benjamin Brodie, walimpima na kumkuta na ugonjwa wa figo, ule ule wenye jina la tabibu wake. Wakamwamuru aache kazi, akae majira ya baridi Misri kwenye jua. Brunel akatii, akasafiri.

Bright mwenyewe kwa muda mrefu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umekakamaa. Aliendelea kuona wagonjwa mpaka siku chache kabla ya mwisho, na tarehe 16 Desemba 1858 akafariki nyumbani kwake, umri wake miaka 69, akazikwa makaburi ya Kensal Green. Siku tisa baadaye, mjini Kairo, Brunel alikaa mezani na rafiki yake Robert Stephenson wakila chakula cha Krismasi. Alirudi Uingereza kuimalizia meli yake, na alikufa tarehe 15 Septemba 1859.